Kishungi cha Ng'ambo ya Kijito

Gugu lilikuwa limeota ndani ya uzio. Si nje jamani, ndani, katikati kabisa ya kishungi cha nyasi alichokizungushia waya kwa mikono yake mwenyewe.

Mlinzi wa msitu, ambaye watu walimwita Bibi Nyasi kwa kumtania, alipiga magoti akaling'oa. Chini yake nyasi zilikuwa zimeshakauka. Hapo ndipo alipoogopa kweli kweli.

Nyasi zile laini, zisizoota popote ila kwenye kivuli cha miti ile, ndizo zilizoukinga msitu kisheria. Wakaguzi wangekuja mwisho wa msimu wa mvua. Wasipozikuta hai, kinga ingeondolewa na wenye misumeno wangeingia. Matrekta yao yalikuwa yameshaegeshwa barabarani, yakisubiri bila haraka.

Kwanza alimshuku kaka yake. Gugu lile lina mbegu zenye ndoano, hunata kwenye manyoya ya mbuzi na kushuka popote mbuzi wapitapo. Bibi Nyasi akamtolea maneno mbele za watu, akampiga marufuku msituni. Kaka mtu akaondoka. Akauza mbuzi wote.

Gugu halikukoma. Kila asubuhi mlinzi alizunguka kukagua, na vile vishungi alivyovitunza zaidi ndivyo vilivyotangulia kufa, utadhani kuna mtu anamfuata nyuma nyuma. Akaanza kugeuka geuka njiani. Akaanza kukataa kumwambia yeyote anakokwenda.

Hatimaye alimwendea kaka yake kumwomba radhi, akabaki amesimama mlangoni.

"Kaka, kuna mtu. Nikiweka uzio, anapanda ndani ya uzio. Hawa wa misumeno wamemnunua mtu."

"Umemwona?"

"Ningemwona ningekuja kwako? Nimejibanza vichakani mpaka siafu wakanila. Hata unyayo hakuna, ila wangu."

Kaka yake alimvutia kiti. Hasira zilikuwa zimemwisha, alimwonea huruma tu. "Kimebaki kishungi gani?"

"Cha ng'ambo ya kijito. Tangu gogo la kuvukia lisombwe na maji sijafika kule."

"Basi usifike. Kama hawakijui, utawaonyesha njia wewe mwenyewe, dada yangu. Kaa utulie, waje wakaguzi."

Aliahidi. Lakini mtu atatuliaje, hajui kama kitu chenyewe kipo hai au ameshabaki mikono mitupu? Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia. Alitoka alasiri, hakumuaga mtu. Ili asifuatwe, aliiacha njia kabisa, akakata katikati ya magugu ya bondeni, akiinama, akisimama kusikiliza, akiinama tena. Nyuma yake kitu kilichakarisha majani. Alijibanza mpaka msitu ukanyamaza. Kisha akaruka kijito, jiwe hadi jiwe.

Na kishungi kilikuwepo. Ala! Kilikuwepo na kimestawi, kijani kibichi, kimetoa maua, na nyasi changa zimeanza kuchipua pembeni. Bibi Nyasi alitafuta gugu kila upande, hakuona hata jani lake moja. Alicheka peke yake kama mwehu, halafu akalia kwa furaha. Msitu ulikuwa umepona. Yule mtu, awaye yote, hakuwahi kufika hapa.

Manyunyu yakaanza. Alitandaza kanga yake karibu na kishungi, akaketi, akanyoosha miguu iliyochoka. Huku akiimba taratibu, akaanza kubandua mbegu zenye ndoano zilizong'ang'ania pindo za suruali yake, moja moja, akizitupa kwenye udongo laini kando yake.