Vigelegele vya Nje

Latifa, mtunza nyama wa machinjio, alifungua mlango wa chumba cha baridi. Shangazi wa bi harusi akasimama kizingitini na mabuti ya mpira aliyoazimwa, pua ameiziba kwa mtandio.

Ng'ombe alichinjwa jana asubuhi, kisha gari la bwana harusi likaharibika njiani, kule Olumbi, harusi ikasogezwa mpaka leo. Kwao Palma nyama ya harusi hupikwa siku ile ile ya kuchinjwa, ingali na joto. Iliyolala, watu wangeisusa.

"Ingia, mama, ila usiiguse," Latifa alisema. "Wala usifungue mdomo karibu nayo. Mate yana vijidudu."

Nusu mbili za ng'ombe zilining'inia bila kugusana, baridi ikipita katikati. Shangazi alishusha mtandio, akanusa. Akasogea, akanusa tena. Nyama ilikuwa nyekundu, imekauka vizuri kwa juu, haina harufu hata chembe.

Uso ukamkunjuka. Ulimi ukaanza kumcheza mdomoni, Latifa akainua kidole.

Shangazi akaubana mdomo kwa viganja vyote viwili, akatoka mbio, buti moja likabaki mlangoni.

Alipofika barabarani ndipo akaviachia vigelegele, na wanawake wa mtaa mzima wakamwitikia.