Vua Ulichovalishwa

Kila suruali kabatini ilikuwa imefumuliwa upindo na kuongezwa urefu wa vidole viwili.

"Kwani nimerefuka?" mume aliuliza siku aliyotoka hospitali, akicheka, maana siku hizo kila kitu kilikuwa kigeni kwake na afadhali kucheka.

"Mguu ukivunjika ukaungwa, hunyooka," alijibu mkewe, fundi cherehani, pini zikiwa mdomoni. "Vaa tu, baba. Zimekukaa."

Akavaa. Mtu ameamka kitandani hajui hata jina lake, leo aanze kubishana na suruali? Madaktari walisema gari lilipinduka kwenye mvua, kichwa kikagongwa, kumbukumbu zote zikafutika. Mguu wa kulia ukabaki wa kuburuza kwa mkongojo. Kabla hajajua amuulize nani nini, mwanamke huyu alisimama kando ya kitanda, macho mekundu, akasema, "Huyu ni wangu." Akamhamishia mji mwingine, nyumba ya vyumba viwili, ambako hakuna aliyewajua. Alisema anatafuta utulivu.

Miezi minane alimwogesha, akamlisha, akamfundisha upya kufunga vifungo. Alimvika koti la kahawia lenye kiraka cha kijani kwenye kiwiko, ubavu mzima umeshonwa upya kwa mkono. Jirani hakuacha kumtania: "Wewe bwana, mke kama huyo wenzako tunamwona ndotoni tu." Naye mume alimpenda, tena alimpenda hasa, kama mtu asiye na kingine duniani.

Jambo moja tu lilimtia hofu: kikao cha mchana.

Njia hiyo mkewe aliipata kwa mteja wake mmoja, mwalimu wa kutafakari. Kila siku saa nane, cherehani ikinyamaza, alimkalisha kwenye mkeka. Mkongojo aliutoa nje, asishawishike kuinuka. Mlango aliufunga kwa ufunguo, asisumbuliwe. Fumba macho. Fuata pumzi. Jiulize: mimi ni nani? Jibu likija, liulize limetoka wapi. Kama uliambiwa na mtu, si lako. Livue, ulitupe.

"Umepata nini leo?"

"Mimi ni mume wako."

"Nani alikwambia?"

"Wewe."

"Basi livue."

"Hilo siwezi, mke wangu. Nikilivua hilo nitabaki uchi."

"Utabaki wewe," alisema fundi.

Alijaribu kumbembeleza waache. Yaliyopita si ndwele, alimwambia, kwani tukiishi hivi hivi tutapungukiwa na nini? Mkewe hakuinua uso. "Ndwele ni kutojijua. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Inama, baba."

Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri, hakijaguswa na mkasi tangu walipohamia. Siku moja alikiulizia. "Mwenyewe haji kukichukua?"

"Atakuja. Bado sijampima."

Kisha vipande vikaanza kuja. Mvua. Usukani. Chupa aliyoibana katikati ya mapaja. Kila alipomsimulia, mikono ya fundi ilisimama juu ya kitambaa alichokuwa akishona. Maskini, aliwaza, ananihurumia. "Endelea," mkewe alikuwa akisema.

Siku moja alikaa mkekani muda mrefu kuliko siku zote. Aliondoa jina aliloambiwa kuwa ni lake. Akaondoa nyumba, na jirani, na ule mguu mbovu. Likabaki lile moja. Alilishikilia, machozi yakimtoka, na mwisho akaliachia.

Kukawa kimya. Ndani ya kimya kile, usiku ule wa ajali ukarudi mzima mzima. Taa za gari lake. Mtu aliyechuchumaa kando ya barabara akibadilisha tairi. Alimwona kutoka mbali, nafasi ya kumkwepa ilikuwepo, lakini mkono mmoja ulikuwa kwenye chupa. Mtu yule aliinua kiwiko chenye kiraka cha kijani kujikinga macho. Kishindo. Hakukanyaga breki. Alikanyaga mafuta akimbie, na kona iliyofuata ndiyo iliyompindua.

Alifumbua macho akitweta. Kitu cha kwanza alichokiona ni kiwiko chake mwenyewe, na kile kiraka cha kijani.

Hakuililia nafsi yake. Alimlilia yeye, mwanamke aliyekesha miezi minane akiuguza mtu ambaye si wake. Amwambie? Asipomwambia, ataendelea kupendwa. Lakini alishaona, na aliyeona hawezi tena kujifanya hajaona.

"Mama," alisema, maana neno mke wangu lilikataa kutoka. "Hospitali walikosea. Mimi si mume wako. Mume wako... nilimuua mimi."

Alisubiri yowe. Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini. Akauvuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni.

"Siku ile nilitoka kumtambua kwenye chumba cha maiti, ndipo nikaja wodini kukutafuta wewe uliyemgonga," alisema kwa upole uleule wa siku zote. "Ukanitazama kama mtoto mchanga. Ningemlipizia kisasi nani?"

Akakikunjua kile kitambaa cheupe, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Karibu, mwenyewe. Lala, unyooshe miguu."