Mnyama wa Saa Saba Mchana

Kwa wiki ya tatu sasa, kila ikifika saa saba mchana, nyundo kubwa ya kushindilia nguzo za gati jipya ilinyamaza kwa saa nzima. Ilinyamaza kwa heshima ya mnyama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona.

Aliyemgundua ni mpimaji wa mazingira wa bandari, ambaye wapakuzi walimwita Bwana Tope. Jina hilo halikumuudhi. Mwenyewe husema amekaa chuo kikuu miaka mitano ili aje ahesabu minyoo kwenye ndoo, na minyoo yenyewe haijawahi kumwambia ahsante. Kila alfajiri huchota tope la chini ya maji, hulichekecha, huhesabu viumbe, huandika ripoti. Ripoti hizo mhandisi wa ujenzi huzitumia kuzuilia mlango wa ofisi usigongwe na upepo.

Basi akaletewa kinasa sauti cha kupima kelele majini. Kila siku baada ya chakula alikifunga chini ya tumbo la boti, injini ikazimwa, nahodha akashuka gatini kuvuta sigara. Bwana Tope alibaki peke yake, amejinyoosha chali, macho ameyafumba, asije akatikisa chombo akaharibu vipimo. Jamani, kazi ni kazi.

Jioni ya kwanza aliposikiliza, nywele zilimsimama. Ulikuwa mngurumo mzito, ukipanda taratibu, ukikatika ghafla kana kwamba mnyama amekabwa koo. Kimya. Halafu mluzi mwembamba, wa huzuni. Aliurudia mara kumi na moja, na machozi yakamtoka.

Mhandisi alipoambiwa asimamishe nyundo alicheka hadi akaishika meza. Kisha akasoma masharti ya kibali: mnyama mkubwa akisikika, kazi isimame. Kicheko kikaisha.

"Sawa, Bwana Tope," alisema. "Ila wataalamu wakisema hakuna mnyama, wewe na ndoo zako mtatoka getini siku hiyo hiyo."

Wiki moja alishikwa na homa, mwenzake akapima badala yake na hakupata hata chafya ya samaki. Bwana Tope akaandika kwamba mnyama ni mwenye haya, na huenda amemzoea mtu wake. Aliporudia kuisoma sentensi hiyo alijiona mpumbavu kamili, lakini hakuifuta. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Nyumbani mkewe hakumuuliza mengi. Alikuwa na shida yake ya mgongo, na tangu mwaka juzi alihamia chumba cha binti yao, akisema godoro la huko ndilo linalomfaa. Bwana Tope alilipokea hilo kama mambo mengine mengi ya viumbe hai asiyoyaelewa.

Jumamosi ikafika. Redio ilikuwa imetangaza kwamba itarusha sauti ya mnyama, na bingwa wa viumbe vya baharini angetoa hukumu hapo hapo studioni. Mhandisi alikuja kusikilizia nyumbani kwa Bwana Tope, kwa sababu, alivyosema, alitaka kuuona uso wake. Wapakuzi wakaja, majirani wakaja, sebule ikajaa hadi mlangoni. Mkewe alikuwa jikoni akikaanga vitunguu, akijua tu kwamba wageni wamekuja kusikiliza redio. Binti alizungusha vikombe vya chai.

Bwana Tope alikaa wima kwenye kochi, mikono magotini. Amechekwa maisha yake yote, na mara nyingi kwa haki, hilo alikuwa wa kwanza kukubali. Leo tu aliomba asichekwe. Kazi aliihitaji, lakini zaidi ya kazi, alitaka angalau kiumbe kimoja humu duniani kiwe kimemjia yeye.

Mtangazaji akawaomba wasikilizaji watulie. Binti akaongeza sauti ya redio.

Ule mngurumo ukaijaza nyumba. Ukapanda, ukakatika. Kimya. Halafu mluzi. Mhandisi mwenyewe aliweka kikombe chini, uso umembadilika, na mpakuzi mmoja akavua kofia.

Ndipo sauti ya mkewe ikatoka jikoni, ya upole, ya mtu aliyekwisha kuzoea.

"Mwanangu, hebu mgeuze baba yako alale ubavu, wageni wapate kusikia redio."