Hisa za Kiwanda

Marlys aligundua jambo hilo Jumapili, waliporudi kanisani. Yeye na mumewe walikuwa na akaunti tatu za akiba ya uzeeni, na zote tatu zilijaa hisa za kampuni moja: kiwanda cha karatasi alichofanyia kazi mumewe.

"Tuziuze," alisema, akimgeuzia kompyuta. "Tununue za kampuni nyingi mbalimbali, na hati fungani za serikali kidogo."

Mumewe aliacha kutafuna. "Kiwanda hicho kimetulisha miaka thelathini, bibie."

"Ndiyo maana naogopa. Mshahara wako unatoka huko huko. Kikifungwa, tumekosa cha leo na cha uzeeni."

"Wenzangu watasema nimewakimbia."

"Wenzako nao wana uzee wao wa kuhangaikia."

Mumewe aligeukia dirishani, akatazama moshi mweupe wa kiwanda ukipanda juu ya theluji.

"Tubakize hisa kumi tu," alisema taratibu.

"Kumi, sawa."

Mumewe akasogeza kiti, akanyoosha mkono wa kulia, ule ambao mashine ya kukatia karatasi ilikuwa imeondoka na vidole vyake viwili, na kwa kidole cha shahada akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuuza.