Ngiri na Maji ya Mlangoni

Hapo kale kila kiumbe kilipoalikwa mezani kwa Muumba, Ngiri peke yake ndiye aliyekuwa hajafika. Kila asubuhi Chozi, ndege mdogo asiyetulia, alimpigia kelele: "Dada Ngiri! Muumba ameandaa meza, anakuita!"

Moyo wa Ngiri uliruka kwa furaha. Kisha akajitazama: matope kutoka kwatoni hadi masikioni.

"Mwambie nakuja, ngoja nioge kwanza!"

Akakimbilia kidimbwi chake, akajisugua weee, akatoka mchafu kuliko alivyoingia, maana kidimbwi chenyewe kilikuwa tope tupu. Akalala na njaa, kama jana.

Siku moja Chozi alichoka kubembeleza. "Aliyekuita anakujua ulivyo! Twende hivyo hivyo!"

Harufu ya chakula ilikuwa imemfika puani. Ngiri akatimua mbio, mkia juu, tope likiruka kila upande, mpaka mlangoni. Hapo akasimama ghafla.

"Bwana, nisamehe. Sijaoga."

Muumba alikuwa amesimama kizingitini, birika mkononi, taulo begani.

"Umekuja!" akasema akicheka. "Na maji haya ya kila asubuhi, ulidhani namtekea nani?"