Chai Isiyosikika

Miaka hiyo umio uliovimba kwa asidi haukutibiwa tena kwa vidonge. Hospitali ilitandika ngozi mpya isiyohisi kitu, kuanzia kinywani hadi tumboni. Atupele alipotandikwa yake, kiungulia kilichomtesa tangu ujana kikaisha.

Asubuhi moja ya baridi, nyumbani kwake Tukuyu, alikunywa chai akangoja ujoto uteremke. Haukuja.

“Bado inauma, Mama Lusajo?” mumewe, Ambokile, akauliza.

“Hapana. Ila zamani nilikuwa naisikia inashuka mpaka hapa,” akasema, akigusa kifua.

Akairudisha sufuria jikoni mpaka chai ikatokota, akajimiminia, akainywa yote bila kupuliza. Ambokile alikigusa kikombe, akaurudisha mkono upesi.

“Niongezee,” Atupele akasema taratibu. “Labda hii nitaisikia.”