Makande ya Nakunda

Tangu serikali ianze kuwalisha wanafunzi wote bure, asubuhi, mchana na jioni, hata siku za likizo, hakuna mtoto aliyekula nyumbani. Nakunda alianza kula shuleni akiwa na miaka minne. Siku aliyomaliza kidato cha sita, mama yake, Namsifu, alimpikia makande, akayaunga kwa maziwa kama alivyofundishwa na marehemu mama yake.

"Karibu chakula, mwanangu."

Nakunda alichota kijiko, akakitazama, akakirudisha.

"Yananukia vizuri, mama, lakini hayapiti kooni."

Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu, karibu saa sita mchana, binti akatoka akiyumba kwa njaa. Namsifu akafunika makande kwenye bakuli, akamfuata.

Alimkuta nje ya uzio wa shule, amepanga foleni na vijana wengine waliokwisha kumaliza shule. Kando yao walikaa wanawake, kila mmoja na bakuli lake.

"Twende nyumbani ukale, Nakunda."

"Bado, mama. Subiri."

Mara kengele ya chakula ikalia ndani. Vijana wakasema kwa sauti moja, "Tunaishukuru serikali." Nakunda akapokea bakuli la mama yake kwa mikono miwili, akala makande yote akiwa amesimama, bila kumtazama.

Namsifu akafuta machozi. Angalau amekula.

"Utazoea, dada," mmoja wa wale wanawake wenye mabakuli akamwambia. "Wa kwangu alimaliza shule miaka sita iliyopita."